Duka lisilo na mlango

Kazi za mikono za Uluguru zaweza kuuzwa kwa simu, lakini kwanza tujifunze kuhesabu jasho la mama

Ndugu msomaji, kama umepata kusimama Bigwa, upande wa mashariki wa mji wa Morogoro, wakati wa alfajiri, bila shaka umewaona akina mama wakiteremka kutoka milimani. Wenye kutoka mbali, pande za Kinole na Matombo, hufika kwa gari. Wale wa vijiji vilivyouegemea mji kwa juu hushuka kwa miguu, mmoja nyuma ya mwenziwe, mizigo ikiwa kichwani. Wamebeba ndizi, mboga na matunda ya msimu. Na siku nyingine, juu ya tenga la ndizi, waona mkeka mpya ulioviringishwa na kufungwa kwa ukambaa.

Mkeka ule una safari yake ya bei. Saa tatu asubuhi, mwenyewe akiisha kuutandaza pembeni mwa soko, hutaja bei aliyoifikiria njia nzima. Mnunuzi wa kwanza hucheka na kwenda zake. Saa saba mchana bei imekwisha kupungua. Saa kumi, gari la kurudi likiwa limeanza kupiga honi, mama hulitazama jua, huutazama mkeka, kisha hukubali chochote anachopewa. Si kwamba kazi yake imekuwa mbaya tangu asubuhi. Mkeka ni ule ule. Kilichobadilika ni jua.

Hiyo ndiyo tutakayoiita katika makala haya "bei ya jua". Na swali tunaloliweka mbele yako Jumapili hii ni hili: je, familia yenye mama asukaye kijijini na mtoto mwenye simu mjini yaweza kuikwepa bei ya jua? Jibu letu ni kwamba yaweza. Lakini kuna sharti moja, nalo ni kwamba saa za mama zihesabiwe kabla picha ya kwanza haijapigwa. Pasipo sharti hilo, simu itakuwa mlanguzi mpya tu, aliyevaa nguo za mwana wa nyumbani.

DUKA HILI NI KITU GANI?

Watu wengi wakisikia habari za duka la mtandaoni hudhani kwamba ni jambo la mabingwa wa kompyuta au la wenye mitaji mikubwa. La hasha! Kwa mwenye kuanza, duka hilo ni simu moja yenye intaneti, ukurasa katika Instagram au Facebook wenye picha za bidhaa, namba ya WhatsApp ya kupokelea maagizo, na namba ya kupokelea malipo. Halina kodi ya pango, halina kufuli wala mlango. Mtu aliye Mwanza au Mbeya aweza kuitazama bidhaa usiku wa manane, mwenye duka akiwa amelala.

Nyenzo za duka hili zimetufikia hatua kwa hatua. Huduma ya kutuma fedha kwa simu ilianza nchini mwaka 2008, M-Pesa ya Vodacom ilipofika, na kampuni nyingine zikafuata. Leo vijiji vingi visivyo na benki vina wakala wa fedha. Kwa upande wa usafiri, mabasi ya Msamvu huchukua vifurushi kwenda pande zote za nchi, na tangu Juni 2024 treni ya reli ya kisasa hukimbia baina ya Dar es Salaam na Morogoro kwa muda usiofika saa mbili. Mamilioni ya wakazi wa Dar es Salaam, ambao maji yao mengi hutoka mto Ruvu unaoanzia katika milima yetu hii, hawako mbali tena.

Hata hivyo, faida kubwa ya duka hilo si wingi wa wateja. Faida yake ni kwamba halitazami jua. Mkeka hukaa nyumbani ukimngoja mnunuzi wake, wala hauna haja ya kurudishwa kijijini kichwani. Muuzaji akiikataa bei mbaya leo, hapotezi nauli.

KAZI ILIYOMO NDANI YA MKEKA

Kabla ya kusema habari za kuuza, yafaa tuitazame kazi yenyewe, maana wengi wetu tunaoishi mjini tumeulalia mkeka miaka mingi bila kuuliza umetengenezwaje.

Kazi huanza kwenye mkindu, mti wa jamii ya mitende uotao penye unyevunyevu na kandokando ya mito. Majani machanga ambayo bado hayajafunguka hukatwa, huanikwa na kuchanwa kwa upana ulio sawa. Yatakayotiwa rangi huchemshwa katika chungu au sufuria, kila rangi peke yake, kisha huanikwa tena. Hapo ndipo ukili huanza kusukwa: ule ukanda mwembamba mrefu unaokua polepole mkononi mwa msukaji wakati anaongea na wageni, wakati anangoja maharage yaive, wakati mtoto amelala. Ukili ukitosha, huunganishwa kwa kushonwa ukanda kwa ukanda, kisha pembeni hutiwa pindo. Kosa la upana likifanyika katika ukili wa kwanza, mkeka mzima utapinda.

Kwa kuwa kazi hiyo hufanyika vipande vipande, katikati ya kulima na kupika, hakuna aihesabuye. Ukimwuliza msukaji mkeka umechukua muda gani, huenda akakujibu kwamba aliuanza kabla ya kupalilia na kuumaliza baada ya mavuno. Hilo ni jibu la kweli, lakini si hesabu. Na asiyejua kazi yake imechukua saa ngapi hana silaha yoyote mbele ya mnunuzi anayejua saa ya gari la mwisho.

HESABU YA SAA

Hebu tuchukue mfano. Tarakimu tutakazozitumia ni za kufundishia hesabu tu, wala si bei za soko. Wewe utaweka zako.

Tuseme mkeka mmoja umetumia ukindu wa shilingi 8,000, rangi ya shilingi 3,000, na uzi na kitambaa cha pindo vya shilingi 1,000. Jumla ni shilingi 12,000. Tuseme mama ameusuka kwa siku 9, kila siku saa 4. Hizo ni saa 36. Nauli ya kwenda sokoni na kurudi ni shilingi 4,000. Jioni mkeka umeuzwa kwa shilingi 25,000, na mama amefunga noti katika pindo la khanga akiamini kwamba amepata.

Amepata nini? Toa shilingi 12,000 za vifaa, zabaki 13,000. Toa nauli, zabaki 9,000. Zigawe kwa saa 36. Mama amefanya kazi kwa shilingi 250 kwa saa, wala hatujahesabu siku nzima aliyokaa juani pale sokoni.

Sasa tuigeuze hesabu hiyo. Badala ya kuanza na bei na kumwachia mama masalio, tuanze na mama. Tuseme familia imekubaliana kwamba saa yake moja isipungue shilingi 1,000. Saa 36 ni shilingi 36,000. Ongeza vifaa 12,000, imekuwa 48,000. Kuupeleka mkeka mjini kwa gari, mama mwenyewe akibaki nyumbani, ni 2,000. Mfuko na karatasi za kufungia ni 2,000. Sehemu ya bando la intaneti ni 3,000. Tumefika 55,000. Mtoto apigaye picha, ajibuye wateja na kupeleka kifurushi kituoni naye anafanya kazi, tumpe 10,000. Bei ya mkeka ni shilingi 65,000, na gharama ya kuusafirisha hadi kwa mteja hulipwa na mteja.

Hapana shaka utasema: nani atanunua mkeka kwa bei hiyo? Swali ni la haki. Huenda yupo, hasa mtu wa mjini atakaye mkeka wa rangi na vipimo alivyovichagua mwenyewe. Lakini ikiwa baada ya miezi mitatu hakuna aliyenunua, fundisho si kwamba saa za mama zikatwe. Fundisho ni kwamba ibadilishwe bidhaa. Kikapu kidogo, kawa la kufunikia chakula, au mkeka mdogo wa mezani hutumia ukindu kidogo na saa chache, na mteja huona wepesi wa kuvinunua. Bidhaa ndiyo inayotafuta soko; saa ya mama haitafuti soko, ina bei yake.

MTOTO ASIWE MLANGUZI

Hapa, msomaji, tumefika penye jambo gumu, nalo halihusu simu hata kidogo. Linahusu ndugu.

Mtoto aliyeko Kihonda au Mji Mpya akiuza mkeka kwa shilingi 65,000 na kumpelekea mama 25,000, mama atashukuru. Atashukuru kwa sababu hiyo ndiyo bei anayoijua, tena safari hii hakutoa nauli. Mtoto naye atajiona ametenda wema. Lakini tukisema kweli, tofauti yake na mlanguzi wa sokoni ni ipi? Mlanguzi angalau hamwiti mama.

Katika milima ya Uluguru jambo hili lina uzito wa pekee. Kwa desturi ya Waluguru ukoo hufuatwa upande wa mama, na ardhi ya ukoo hupitia kwao. Mtu aliyepewa ukoo na ardhi na mama yake, kisha akamficha mama huyo bei ya mkeka, amekosea mahali ambapo mila yenyewe ilikuwa imeweka msingi.

Dawa yake si ngumu. Ni daftari. Daftari la duka liwe na safu hizi: bidhaa, jina la aliyeitengeneza, saa zilizotumika, gharama ya vifaa, bei iliyouzwa, na mgao wa kila mmoja. Kila mwisho wa mwezi daftari hilo lisomwe kwa sauti mbele ya wote, ama nyumbani ama kwa simu. Mama asiyejua kusoma asomewe na mjukuu, si na muuzaji mwenyewe. Na malipo yanapoingia, fungu la mama litumwe siku hiyo hiyo. Fedha ikikaa katika simu ya mtoto, hukutana na kodi ya chumba, hukutana na karo, na mwisho hukutana na udhuru.

Mazungumzo ya kwanza kabisa ndiyo yenye thamani kuliko yote. Yaweza kuwa mafupi: "Shikamoo mama. Nataka tuuze mikeka yako kwa simu, lakini kwanza naomba uniambie, ukikaa kusuka tangu asubuhi hadi adhuhuri, wafikiri kazi hiyo ni ya shilingi ngapi?" Huenda mama akanyamaza kwa muda mrefu. Usimharakishe. Huenda ni mara ya kwanza maishani mwake kuulizwa.

ANZA NA KITU KIMOJA

Wakazi wa Morogoro tuna funzo letu wenyewe juu ya biashara iliyoanza kwa ukubwa. Kiwanda cha Viatu cha Morogoro kilijengwa katika miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kwa kusudi la kutengeneza mamilioni ya jozi kila mwaka na kuuza sehemu kubwa ya viatu hivyo Ulaya. Mitambo ilikuja na majengo yakasimama. Lakini soko lililokusudiwa halikupatikana, kiwanda hakikufikia hata sehemu moja kwa kumi ya uwezo wake, na mwaka 1990 kilifungwa. Sababu zilikuwa nyingi, ila moja yatuhusu sana: mtambo ulitangulia, mnunuzi akangojwa baadaye.

Duka dogo hapana budi liende kinyume cha hapo. Usiagize mikeka hamsini kwa akina mama ishirini kabla hujauza mitatu. Chagua bidhaa moja, iliyo nyepesi kubebwa na isiyovunjika. Vyungu vya udongo vinapendeza sana, lakini visafirishwe kwa basi baadaye, ukiisha kupata ujuzi wa kufunga. Uza kwanza kwa unaowafahamu: wafanyakazi wenzako, kwaya, majirani, wanafunzi wa zamani wa shule yako. Wao ndio watakaokuambia kwa uwazi kwamba kipini cha kikapu ni kifupi au kwamba rangi imechujuka.

Mfano mwema tunao jirani zetu wa Iringa. Neema Crafts ilianza mwaka 2003 na vijana viziwi watatu tu na kitu kimoja: karatasi zitengenezwazo kwa kinyesi cha tembo. Kutoka hapo ikakua hadi kuwa karakana iliyoajiri watu wengi wenye ulemavu, ikafuma, ikashona, ikafungua na mgahawa. Vikapu vya milulu vya mkoa huo navyo vimepata jina kwa sababu mtu akikiona kimoja hukitambua. Jina la namna hiyo halinunuliwi kwa matangazo. Huletwa na kufanya kitu kimoja vizuri mara nyingi.

Tena usiweke maisha yako yote katika ukumbi wa mtu mwingine. Wapo watakaokumbuka kampuni ya Jumia, iliyokuwa na soko kubwa la mtandaoni hapa nchini. Mwezi Novemba 2019 ilifunga shughuli zake Tanzania. Ukurasa wako nao waweza kupotea siku moja. Kwa hiyo majina na namba za wateja wako yaandike katika daftari, uyatunze kwa siri, wala usimpe mtu mwingine bila ridhaa yao.

PICHA ISISEME UONGO

Katika duka lenye mlango, mteja hushika, hunusa, huvuta uzi. Katika duka hili, jicho lake ni picha yako na mkono wake ni maneno yako. Vyote viwili visimdanganye.

Piga picha nje, asubuhi au alasiri, kivulini penye mwanga mwingi, bila kuongeza rangi kwa ufundi wa simu. Kikapu kiweke karibu na kitu ambacho kila mtu anajua ukubwa wake, kama chupa ya soda. Vipimo viandikwe kwa sentimita; shibiri ya mama na shibiri ya mteja hazilingani. Penye kasoro ndogo, ionyeshe. Mteja aliyeonywa husamehe. Aliyeficha kasoro hasamehewi.

Kuna adui wawili wa bidhaa za ukindu ambao lazima wajulikane. Wa kwanza ni rangi ichujukayo. Kabla ya kuuza, sugua mkeka kwa kitambaa cheupe kilichoroweshwa. Kikitoka na rangi, mkeka huo usiende kwa mteja, maana utaharibu shuka zake na jina lako. Wa pili ni ukungu. Miteremko ya mashariki ya Uluguru ni miongoni mwa sehemu zipatazo mvua nyingi sana katika nchi yetu, na mkeka uliofungwa ndani ya nailoni ukiwa na unyevu utafika umeota. Uanike siku mbili za jua, kisha ufunge kwa karatasi au gunia jepesi.

Bidhaa iambatane na kipande cha karatasi chenye jina la aliyeitengeneza na kijiji chake, ikiwa mwenyewe ameridhia. Si pambo hilo. Viondo vya Kenya vilipopendwa ng'ambo, haikuchukua muda kabla vya kuigiza havijafika sokoni kwa bei ya chini. Mashine yaweza kuiga msuko. Haiwezi kuliiga jina la mama wa Matombo.

AHADI NA KIFURUSHI

Duka lisilo na mlango limejengwa kwa kitu kimoja tu, nacho ni ahadi. Mteja ametuma fedha kwa mtu asiyemjua. Usiku huo hatalala vizuri mpaka apate neno lako.

Kwa hiyo, ukiahidi siku, hesabu na mvua. Wakati wa masika, tangu Machi hadi Mei, njia za milimani huteleza na ukindu haukauki upesi. Afadhali useme wiki tatu na kupeleka baada ya mbili, kuliko kusema wiki moja na kuanza kutunga misiba. Kifurushi kikipelekwa Msamvu, andika jina na namba ya simu ya mpokeaji pande mbili, dai risiti, ipige picha na kumtumia mteja, pamoja na jina la basi na saa ya kuondoka. Kwa mteja wa mbali zaidi, au aliye nje ya nchi, lipo Shirika la Posta na huduma yake ya EMS. Lakini masoko ya ng'ambo yasiwe mwanzo. Nchi nyingi zina masharti juu ya vitu vitokanavyo na mimea. Uyaulizie kwanza, vinginevyo kikapu chako kitaishia forodhani.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 yamtaka auzaye kwa njia ya mtandao amweleze mnunuzi yeye ni nani, anapatikana wapi, bidhaa yake ikoje na bei yake kamili ni ipi. Mtu mwaminifu hana la kuogopa hapo. Ndiyo mambo yale yale ambayo mama angeulizwa sokoni.

Upande wa fedha, wahadhari matapeli. Usikabidhi mzigo kwa sababu tu umeonyeshwa ujumbe wa malipo, ujumbe hughushiwa. Tazama salio lako mwenyewe. Namba yako ya siri asiijue mtu, hata ajitambulishe kuwa ni wa kampuni ya simu. Tumia "lipa namba" ya duka badala ya kuchanganya fedha za biashara na za nyumbani. Na kwa bidhaa ya kuagizwa, yenye rangi na vipimo vya pekee, pokea nusu ya bei kwanza. Nusu hiyo iende kununua ukindu na rangi, isiende kwingine.

MKINDU NAO UNA HAKI YAKE

Biashara ikichangamka, ukindu utatafutwa zaidi. Mkindu ukikatwa majani machanga yote kwa pamoja hudhoofika. Tena sehemu kubwa ya misitu ya Uluguru iko ndani ya hifadhi ya msitu wa asilia iliyotangazwa mwaka 2008, ambayo iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Humo hakuna kukata bila kibali. Lililo jema ni kila kikundi cha wasukaji kipande mikindu yake mabondeni, penye maji, na kukata kwa zamu. Duka lisilopanda litakosa bidhaa kabla halijakosa wateja.

MSAADA UNAPATIKANA WAPI?

Usidhani uko peke yako. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoundwa mwaka 1973, lina ofisi mjini Morogoro, na kazi yake ni kuwashauri na kuwafundisha watu wa viwanda vidogo kama wewe. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba kwa vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, ikarejeshwa mwaka 2024. Ofisa maendeleo ya jamii wa kata yako ndiye wa kumwona kwanza. Jina la biashara husajiliwa BRELA, na habari za kodi huulizwa TRA, ambako ni heri kwenda mwenyewe mapema kuliko kungoja kuitwa.

Lakini mkopo usiwe hatua ya kwanza. Hatua ya kwanza ni mkeka mmoja, hesabu moja, mteja mmoja. Maonyesho ya Nanenane yanayofanyika Morogoro kila Agosti ni mahali pazuri pa kupata wateja hao wa mwanzo: wape karatasi yenye namba ya duka, na wakirudi Pwani, Tanga au Dar es Salaam, duka litakuwa limekwenda nao mfukoni.

NENO LA MWISHO

Kesho alfajiri akina mama watashuka tena kupita Bigwa. Duka la mtandaoni halitaliondoa soko, wala hatulitakii mabaya Soko Kuu la Chifu Kingalu, jengo jipya lililofunguliwa mwaka 2021, ambalo ni fahari ya mji wetu. Ndizi zitaendelea kuuzwa pale, maana ndizi haziwezi kungoja. Mkeka waweza kungoja. Ndiyo maana haupaswi kuuzwa kwa bei ya ndizi zinazoiva.

Basi, msomaji, leo ni Jumapili. Ikiwa mama yako, au shangazi, au bibi, anasuka, mpigie simu leo, si kwa ajili ya kuagiza mzigo. Muulize mkeka alionao mkononi aliuanza lini, na kwa siku huusuka kwa muda gani. Kisha kaa chini na kalamu, uzidishe, ujumlishe. Jibu utakalolipata huenda likakuonea haya. Hata hivyo, duka lako litakuwa limekwisha funguliwa.